Jim Tressel, kocha aliyekuja kuwa rais wa chuo: tunavyomkosea na mambo yalivyokuwa

Jim Tressel ni kocha wa Marekani aliyefundisha vyuo vikuu viwili vya jimbo la Ohio, Youngstown State halafu Ohio State, akaondoka na skendo 2011, kisha 2014 akarudi Youngstown State kama rais wa chuo, na mengi yanayosemwa juu yake si sahihi. Nianze na hili manake linachanganya wengi kabla hata hatujamfikia mtu mwenyewe. Ukisema kocha wa futiboli wa chuo, mtu wa huku anawaza timu ya wanafunzi, uwanja wa vumbi, na kocha ni mwalimu flani anayejitolea jioni baada ya vipindi. Marekani haiko hivyo kabisa. Kwanza ni ule mpira wao wa kofia ngumu na kukimbia nao mkononi, halafu uwanja wa Ohio State pale Columbus unaingiza watu zaidi ya laki moja na unajaa, uwanja wetu wa Mkapa ni elfu sitini, fikiria hapo. Na kocha ni mwajiriwa wa chuo anayelipwa kumzidi rais wa chuo kwa mbali. Kwaiyo wanaosema Tressel alikimbilia urais wa Youngstown State mwaka 2014 kwa ajili ya hela wamegeuza mambo. Ohio State alikuwa anachukua mamilioni ya dola kwa mwaka, Youngstown wakampa laki tatu.

Na rais wa chuo kwa wenzetu ndo ile kazi anayofanya makamu mkuu wa chuo kwetu, ya kuendesha chuo kila siku, sio mtu wa kuvaa joho na kupeana mikono siku ya mahafali.

Lingine nalisikia sana, eti ametoka uwanjani leo kesho yuko ofisini. Jamani hapana. Huyu ni mtoto wa kocha, babake Lee Tressel alifundisha Baldwin-Wallace, chuo kidogo pale Berea, Ohio, na Jim akacheza kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, chini ya mzee wake. Akasomea elimu, masters akaipata Chuo Kikuu cha Akron huku anafanya ukocha msaidizi. Alipokuwa kocha mkuu Youngstown State, 1986 mpaka 2000, miaka ya mwisho alikuwa pia mkurugenzi wa michezo, yani bajeti, ajira za makocha wengine, tiketi, wafadhili, vyote mezani kwake. Halafu 2012 akarudi Akron kama makamu wa rais wa chuo, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wasiishie njiani, wamalize digrii zao. Miaka miwili kamili hiyo kabla ya urais.

Kuhusu PhD, ambayo wengi wanadhani lazima rais wa chuo awe nayo, nitasema kwa kifupi. Hana. Ana masters tu, na bodi ilimchagua ikijua. Tom Osborne, kocha wa Nebraska aliyechukua ubingwa wa taifa mara tatu, yeye ndo alikuwa na PhD ya saikolojia ya elimu, lakini chuoni aliishia ukurugenzi wa michezo baada ya kukaa bungeni Washington miaka sita. Kwaiyo karatasi peke yake haielezi kitu hapa.

Kinachoelezea ni mji wenyewe, na hapa naomba nikae kidogo kwasababu bila kuuelewa Youngstown huwezi kuelewa kwanini walimrudisha. Ulikuwa mji wa chuma, matanuru yanawaka usiku na mchana. Tarehe 19 Septemba 1977, siku ya Jumatatu, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ikatangaza inafunga kiwanda chake kikubwa, watu kama elfu tano kazi kwisha, na viwanda vingine vikafuata. Mpaka leo siku ile wanaiita Jumatatu Nyeusi. Tressel anafika 1986 mji uko hoi, na msimu wake wa kwanza alishinda mechi mbili akafungwa tisa, mbili kwa tisa, kocha mwingine angefungashiwa virago. Wakamvumilia. Kuanzia 1991 mpaka 1997 akawaletea ubingwa wa taifa mara nne kwenye daraja la pili la mpira wa vyuo, na kwa kuwa mzee Lee naye alishachukua wake 1978 na Baldwin-Wallace, wakawa baba na mtoto wa kwanza wote kuwa makocha mabingwa wa taifa. Mtu aliyewapa watu kitu cha kushangilia wakati hawana kazi hasahauliki, na hiyo ndo sababu ya kwanza ya yeye kurudi kukaa kile kiti, naamini hivyo kabisa.

Sasa skendo. Wengi wanasema alifukuzwa kwa kuwahonga wachezaji. Sivyo. Ohio State alianza 2001, msimu wa 2002 akashinda mechi zote 14 na kukifunga chuo cha Miami 31 kwa 24 kwenye fainali iliyoenda nyongeza mbili, chuo cha Michigan ambao ni watani wao wa jadi akawafunga mara tisa katika mechi kumi. Ukiwafunga Michigan kila mchezaji anapewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali, ni desturi tangu 1934, kitu unachokiweka kabatini uje kuwaonyesha wajukuu. Baadhi ya vijana wake wakaviuza hivyo vidani pamoja na pete za ubingwa na jezi kwa mwenye duka la kuchora tatuu, wakapata hela na wengine wakachorwa. Vitu ni vyao lakini sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wakati ule zilikataza.

Kosa la Tressel liko hapa. Aprili 2010 mwanasheria mmoja alimwandikia imeili kumweleza hayo, akasoma, akajibu, hata akaifowadi kwa mtu wa karibu na mchezaji mmoja, lakini chuo hakukiambia. Septemba akasaini fomu ya kila mwaka kwamba hajui uvunjaji wowote wa sheria. Desemba vijana wakaadhibiwa, bado kimya, mpaka chuo kilipozikuta zile imeili chenyewe Januari 2011. Tarehe 30 Mei akajiuzulu. Alificha, akasaini uongo, na mimi ninayemheshimu sitaki kulilainisha hilo. Na ukisikia mtu anasema Youngstown alikuwa safi kabisa, kule nako NCAA walikuja kugundua mchezaji wake wa zamani alipokea hela za mfadhili, chuo kikapunguziwa skolashipu.

Watu wanauliza aliwezaje kuwa rais wakati NCAA walimfungia miaka mitano. Ile adhabu ilihusu kazi za michezo, chuo kinachotaka kumwajiri huko kingelazimika kwenda kujieleza kwanza NCAA. Kazi za utawala haikugusa.

Na aliufanyaje urais? Hapa mashabiki wanazidisha, wanaongea kama alikigeuza chuo vile alivyoigeuza timu. Kuchangisha aliweza sana, kampeni yake ilivuka dola milioni 100, na hata kabla ya hapo familia yake ilishachangia jengo la mazoezi la ndani linaloitwa WATTS, ile T ni ya Tressel. Lakini mkoa watu wanapungua, idadi ya wanafunzi haikupanda kama ilivyotarajiwa, na Oktoba 2020 walimu wa chuo waligoma siku mbili kwa ajili ya mkataba. Kocha anachagua vijana wake na asiyefaa anakaa benchi, rais wa chuo anawakuta maprofesa wenye chama chao na huwezi kumweka profesa benchi. Alikaa mpaka mwanzoni mwa 2023.

La mwisho ni hili la siasa, eti alishinda uchaguzi kwa umaarufu wa mpira. Hakugombea. Februari 2025 gavana Mike DeWine alimteua kuwa naibu gavana wa Ohio baada ya Jon Husted aliyekuwa na kiti hicho kwenda seneti ya Marekani, bunge la jimbo likapitisha, akaapishwa akiwa na miaka 72.