Mnyama wa Golding, Popobawa na Tunda la Sumu

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa fasihi hapa Wete, Pemba, alama za hofu katika riwaya za vijana za kunusurika, wengi hukimbilia giza, msitu na damu. Maksi wanapata, ila hawafiki mbali. Kwa usomaji wangu, mwandishi hodari huipachika hofu kwenye kitu ambacho hakuna aliyekiona vizuri, na kutoaminiana kwenye kitu kinachopita mkono kwa mkono.

Chukua Lord of the Flies ya William Golding, ya mwaka 1954. Watoto waliokwama kisiwani wanaamini mlimani kuna mnyama. Kumbe ni maiti ya mtu aliyeshuka kwa parachuti: upepo ukivuma kamba zinamwinua, ukitulia anainama. Basi! Ralph na Jack wanamwona usiku, wanatimua mbio. Simon peke yake ndiye anayekwenda kumtazama mchana. Anazinasua kamba, anateremka kuwapa wenzake habari, nao, katikati ya ngoma na radi, wanamdhania ndiye mnyama. Wanamuua.

Hapa Pemba sihitaji kulifafanua sana tukio hilo. Wazazi wa wanafunzi wanaikumbuka 1995, popobawa, jini linalosemekana kuwavamia watu usiku, alipovuma na watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Kila mtu alikuwa na sura yake ya popobawa.

Kutoaminiana kuna vifaa vyake. Miwani ya Piggy, mwenzake Ralph, inayowashia moto, Jack na wenzake wanaipora usiku, ilhali Ralph anawaambia baadaye kwamba moto wangepewa lau wangeomba. (Walimu tunalitukuza mno lile kombe la baharini wanalolipuliza kuitana mkutanoni, mimi naona miwani inasema zaidi.)

Lakini mfano ninaoupenda umo katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya 2008, ambamo vijana, wakiwemo Katniss na Peeta, wanalazimishwa kuuana katika mashindano mpaka apatikane mshindi. Peeta anachuma matunda asijue yana sumu. Foxface, msichana asiyemwamini yeyote, anayeishi kwa kudokoa chakula cha wenzake kidogo kidogo wasigundue, anayadokoa na kufa: hila yake yote ilitegemea kwamba mwenye chakula anajua anachokula. Mwishoni matunda yaleyale yamo viganjani mwa Katniss na Peeta, wanahesabu hadi tatu wayale pamoja. Kila mmoja hana budi kuamini kwamba mwenzake hatamchezea shere, na safari hii wanaotetemeka ni waendesha mashindano, maana wangebaki bila mshindi wa kumwonyesha mtu.