Ufalme wa Bhutan haujafikisha miaka elfu moja

Upo ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya mtandaoni, ukidai kwamba Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya, imetawaliwa na ukoo mmoja wa wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja. Dai hilo si sahihi. Nchi iliunganishwa katika karne ya 17 na lama (kiongozi wa dini ya Kibuddha) aliyetoka Tibet, na kwa zaidi ya karne mbili mamlaka yaligawanywa kati ya mkuu wa dini na mtawala wa serikali, ambaye kwa kawaida hakurithi cheo hicho kwa baba yake. Ufalme wa kurithishana ulianza tarehe 17 Desemba 1907, siku inayoadhimishwa hadi leo kuwa Sikukuu ya Taifa.

Kuhakiki si kazi ngumu: mfalme wa sasa ni wa tano tu. Mkanganyiko wenyewe unaeleweka, kwa kuwa baadhi ya ngome na nyumba za watawa ni kongwe kweli kuliko kiti cha enzi, na jirani yake, Sikkim, ilikuwa na wafalme tangu 1642 hadi ilipofanywa jimbo la India mwaka 1975. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwoneshe aliyeutuma tarehe ya 1907.