Umbali haupimwi kwa nguvu ya mawimbi

Tafadhali, mtu asiniambie tena: "Fundi, ongeza nguvu, vipimo vikae sawa." Wiki hii nimeambiwa hivyo kwenye godauni moja la Barabara ya Nyerere, tunakofunga tegi za UWB (redio ya bendi pana sana inayotumika kupima umbali) kwenye foklifti. Mazoea hayo ni ya Bluetooth, ambako watu hukisia umbali kwa ukali wa mawimbi. UWB inapima muda ambao mawimbi husafiri.

Hata hiyo nguvu yenyewe huna pa kuiongezea. Kikomo walichoweka Marekani mwaka 2002, ambacho nchi nyingi zinakitumia, ni dBm −41.3 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa kila megahezi. Kwenye chaneli ya megahezi 500 unapata kama miliwati 0.037 basi. Utajiri wetu ni upana wa bendi: mpigo mmoja wa mawimbi unadumu kama nanosekunde 2, na kwa nanosekunde moja mawimbi hukata sentimita 30.

Shida iko kwenye kupokea. Godauni lina bati juu na rafu za chuma kila upande, kwa hiyo mpigo mmoja unafika mara nyingi: kwanza uliokuja moja kwa moja, halafu mwangwi juu ya mwangwi. Dereva akikaa katikati ya tegi na kipokezi, mwili wake unanyonya ule wa kwanza, unafika hoi. Mwangwi wa bati unafuata nyuma ukiwa na nguvu zaidi. Kipokezi kikiufuata huo, mita 6 zinasomeka 9. Ukiongeza nguvu, umeongeza yote mawili, na kosa liko palepale.

Ndiyo maana kipokezi kizuri hujumlisha mapigo mengi ya utangulizi, yale yanayotangulia ujumbe. Kelele zinapingana zenyewe kwa zenyewe, mapigo yanajengeka, kisha kinarudi nyuma kutafuta la kwanza lililovuka kizingiti, yaani kiwango cha nguvu cha kulikubali kuwa mpigo. Kizingiti kikiwa juu, unaliruka la kweli na umbali unarefuka. Kikiwa chini, kelele inahesabiwa kuwa mpigo na umbali unafupika. Vipokezi vya bei nafuu vinavyopima nishati tu hupandisha kila kitu kipeo cha pili, kelele nazo zikiwemo, hivyo hazifutiki tena. Kwa kupima umbali sivitaki.

Saa za vifaa viwili nazo: zikipishana sehemu 20 katika milioni na kifaa kikachelewa milisekunde 1 kujibu, umekosea mita 3. Vifaa vikipeana ujumbe mara tatu badala ya mbili, karibu kosa lote linaondoka.

Ila kizingiti cha mpigo wa kwanza bado kinaninyima usingizi. Kuna kanuni ya kulinganisha nguvu ya mpigo wa kwanza na jumla ya nguvu yote iliyopokelewa ili ujue kama njia imezibwa. Naitumia, lakini chuma kikiziba kabisa, mwangwi wa kwanza hujionyesha kama mpigo halali, na kanuni inaupitisha. Hapo sigusi programu. Naomba ngazi, nakipandisha kipokezi juu ya rafu, napima upya.