Je, wajua kwa nini mtoto aliyechoka ndiye anayegoma kulala?

Saa 2 na nusu usiku. Mtoto wa miaka 2 alianza kupikicha macho tangu saa 1, akapiga miayo, akalalia bega la bibi yake kama dakika 5 hivi. Ikaonekana bado mapema, chakula hakijaiva. Sasa anakimbia kutoka kwenye kochi hadi mlangoni na kurudi, anacheka peke yake, akiguswa analia, akipewa maji anayamwaga. Wakubwa wanatazamana: "Huyu leo hana usingizi kabisa." Anao. Anao mwingi kuliko mtu yeyote nyumbani humo, na ndio unaomkimbiza.

Usingizi wa binadamu huendeshwa na mambo mawili kwa pamoja, kama alivyoeleza mtafiti Alexander Borbély wa Zurich mwaka 1982. La kwanza ni deni. Tangu mtu anapoamka, kemikali kama adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri anavyokaa macho ndivyo deni linavyokua. Kulala ndiko kulilipa. Kwa mtoto mdogo deni hujaa upesi mno, ndiyo maana hawezi kumaliza siku nzima bila kulala mchana. La pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga wa jua. Giza linapoingia, ubongo huanza kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika.

Deni likiwa limejaa na melatonini imeanza kutoka, mlango unakuwa wazi. Mtoto akilazwa hapo, hupitiwa ndani ya dakika 15 au 20. Mlango huo ukipita, mwili uliochoka lakini unaolazimishwa kubaki macho hujitegemeza kwa homoni za dharura, kortisoli na adrenalini, zilezile zinazomchangamsha mtu anayekimbizwa na mbwa. Mapigo ya moyo hayatulii, na uwezo wa kujizuia, ambao kwa umri huo ni mdogo hata asubuhi, huisha kabisa. Unachokiona ni utundu. Kilichopo ni uchovu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na wazazi wenye bidii ndio hulifanya zaidi: kumlaza mapema mno. Saa moja au mbili kabla ya usingizi wa kawaida, saa ya mwili huongeza uchangamfu badala ya kuupunguza. Mtoto aliyeamka usingizi wa mchana saa 11 jioni, kisha akalazwa saa 1 na nusu usiku, atakaa macho saa nzima, na mzazi atadhani ni kiburi. Njia ya kutofautisha ni kumtazama. Asiye na usingizi hutulia kitandani akiongea na mdoli wake, hana hasira. Aliyepitiliza hujikwaa ovyo, macho mekundu, na hulia kwa sababu biskuti imekatika vipande viwili.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi katika saa 24, usingizi wa mchana ukiwemo, wa miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Mwongozo huohuo unataka saa za kulala na za kuamka zisibadilikebadilike. Watu husoma idadi wakaliruka hilo la pili, wakati ndilo linaloiwezesha saa ya mwili kufanya kazi yake.

Kwa hiyo usingizi wa saa 2 usiku huandaliwa mchana. Anza na kuamka. Saa ya kumlaza huwezi kuilazimisha, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake asinzie. Saa ya kumwamsha unaweza. Chagua moja, tuseme saa 12 na nusu asubuhi, uishike hata Jumapili, kwa tofauti isiyozidi nusu saa. Mtoe nje apate jua la asubuhi kwa dakika 20 au 30. Huku karibu na ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana: Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, miezi ikitofautiana kwa takriban nusu saa tu. Mzazi wa London anaweka mapazia mazito mwezi wa Juni kwa sababu saa 3 usiku bado kuna mwanga. Sisi giza linatusaidia kila siku, kisha tunawasha taa zote.

Usingizi wa mchana ndio unaoharibu usiku mwingi. Watoto wengi huhama kutoka kulala mara mbili kwa siku hadi mara moja kati ya miezi 15 na 18, na huacha kabisa kati ya miaka 3 na 5. Kwa mtoto wa miaka 2, alale kama saa 7 mchana baada ya chakula, kwa saa moja na nusu hadi saa mbili, na aamshwe ifikapo saa 9 alasiri. Kuanzia hapo anahitaji saa tano hivi za kuwa macho ili deni lijae tena. Hesabu hiyo inamfikisha saa 2 usiku.

Inapoharibika ni hapa: mama yuko kazini, dada wa nyumbani ana nguo za kufua na sakafu ya kupiga deki, na mtoto aliyelala ni mtoto asiyesumbua. Analazwa saa 9, anaachwa mpaka saa 11 na nusu. Mama anarudi, anamkuta mchangamfu kama kuku aliyefunguliwa, na saa 5 usiku bado wanahangaika. Dada hana kosa kama hakuambiwa. Mpe saa kamili, mwekee kengele kwenye simu, na umweleze sababu yake, maana kumwamsha mtoto aliyelala fofofo kunaonekana ukatili mpaka mtu aelewe kinachookolewa. Kufuta usingizi wa mchana kabisa ili achoke vizuri si dawa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, mara nyingi humrudisha kwenye mbio za sebuleni.

Halafu chai. Nyumba nyingi humpa mtoto chai ya jioni na mkate, na hakuna anayeihesabu. Kikombe cha chai kina takriban miligramu 40 za kafeini. Mtoto wa kilo 12 akinywa nusu kikombe amepata miligramu 20. Kwa uzito wake, ni sawa na mtu mzima wa kilo 60 kunywa vikombe viwili na nusu kwa mkupuo. Kazi ya kafeini ni kuuzuia ubongo usiisikie adenosini, yaani inaficha deni bila kulilipa. Isitoshe, chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kufyonzwa, na mtoto mwenye upungufu wa chuma anaweza kurusharusha miguu na kugaragara usiku. Soda za kola zina kafeini pia. Jioni mpe maziwa au uji.

Taa na skrini zinastahili maneno yao. Mboni ya mtoto ni pana na lenzi yake ni angavu kuliko ya mtu mzima, hivyo mwanga mwingi zaidi humfikia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwakalisha watoto wa miaka 3 hadi 5 mbele ya mwanga mkali kwa saa moja kabla ya muda wao wa kulala. Melatonini ilishuka kwa karibu asilimia 88, na dakika 50 baada ya taa kuzimwa ilikuwa bado haijarudi vizuri. Walikuwa watoto wachache, na mwanga ule ulikuwa mkali kuliko balbu ya sebuleni, lakini mwelekeo unaonekana. Simu iliyoshikwa sentimita 20 kutoka usoni, yenye katuni inayobadilika kila sekunde, inampa mwanga na msisimko kwa pamoja.

Sasa jioni yenyewe. Chakula saa 12 na nusu au saa 1 kamili, ili tumbo litulie kabla ya kulala. Saa 1 na robo, zima taa kubwa, bakiza moja hafifu ya rangi ya njano, ikiwezekana nyuma ya mtoto. Saa 1 na nusu, kuoga. Maji yawe ya uvuguvugu, hata kwenye joto la Februari la pwani. Inaonekana kinyume, lakini maji ya uvuguvugu huvuta damu kwenye ngozi, joto la ndani likapata pa kutokea, na kushuka kwa joto la ndani ni sehemu ya kuingia usingizini. Maji baridi huibana mishipa ya ngozi na kumwamsha. Baada ya kuoga mpake mafuta taratibu, mvalishe nguo moja nyepesi ya pamba, mswaki, kukojoa. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kabla hajapanda, kisha mmulike mbu kwa tochi, kwa maana mbu mmoja aliyefungiwa ndani atamwamsha mara nne. Hadithi moja fupi, au wimbo wa kubembeleza uleule wa jana. Taa. Yote hayo, tangu kuoga, yasizidi dakika 30.

Mpangilio kuwa uleule una uzito kuliko kilichomo ndani yake. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake walifuatilia mama 405 wa Marekani wenye watoto wa miezi 7 hadi 36. Waliopewa utaratibu wa kuoga, kupaka mafuta na shughuli tulivu waliona watoto wakisinzia upesi zaidi na kuamka mara chache, ndani ya wiki chache tu. Mtoto wa umri huo hajui saa, anajua kinachofuata. Mafuta yakishafunguliwa, mwili unaanza kujiandaa wenyewe.

Familia iliyopanga chumba kimoja isidhani haya ni ya wenye nyumba kubwa. Kulala kitanda kimoja na mtoto wa zaidi ya mwaka si tatizo la usingizi kwa nafsi yake. Tundika shuka au kitenge kati ya kitanda na televisheni, punguza mwanga na sauti, mlaze uso ukielekea ukutani. Kelele ya mfululizo ya chini, kama feni, haimsumbui sana. Anachokisikia ni jina lake.

Na baba anaporudi saa 2 kasorobo, akagonga mlango, mtoto akarushwa juu mara tatu kwa furaha, kazi ya dakika 30 imekwisha. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Ama baba achukue sehemu ya mwisho, hadithi na kubembeleza, kwa sauti ya chini. Ama ratiba nzima isogezwe mbele nusu saa, kuanzia kuamka hadi usingizi wa mchana. Kusogeza kulala peke yake hakusaidii. Mabadiliko yoyote yafanyike kwa dakika 15 kila baada ya siku 2 au 3.

Kuamka usiku ni jambo jingine. Kila mtu huamka kidogo kati ya mzunguko mmoja wa usingizi na unaofuata, na mizunguko ya mtoto ni mifupi kuliko ya mtu mzima. Tofauti iko katika anachokikuta. Aliyesinzia mgongoni kwenye kanga, akaamka saa 6 usiku kwenye godoro, anashtuka kama wewe ungesinzia kitandani ukaamka uko barazani. Analia arudishiwe mgongo. Basi mshushe kitandani macho yakiwa mazito lakini bado anakuona. Kaa kando, mkono kifuani. Usiku wa nne ondoa mkono, ukae tu. Wa saba sogea hatua mbili. Endelea hivyo hadi mlangoni. Usiku wa pili au wa tatu mara nyingi huwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu anajaribu kilio kikubwa zaidi kuona kama sheria ya zamani itarudi. Wengi hukata tamaa hapo hapo, na mtoto anajifunza kwamba kilio kirefu ndicho kinacholipa.

Yapo ambayo utaratibu hautayatibu. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala shingo ikiwa imekunjwa nyuma, au anayesita kupumua kisha akavuta pumzi kwa kishindo, apelekwe hospitali akaangaliwe mafindofindo na nyama za pua. Anayejikuna matakoni usiku huenda ana minyoo midogo myeupe kama uzi, ambayo hutoka kutaga mayai wakati huo. Usingizi ulioharibika ghafla pamoja na homa ni wa kupimwa malaria. Na dawa ya mafua inayosinzisha isigeuzwe dawa ya usingizi: kwa mtoto mdogo inaweza kukandamiza pumzi, na wapo inaowachangamsha badala ya kuwatuliza.

Linalotisha kuliko yote, na ambalo mara nyingi husingiziwa majini, ni lile la mtoto kuketi ghafla akipiga mayowe, macho wazi, jasho, asimtambue mama yake. Angalia saa. Likitokea saa moja hadi tatu baada ya kulala, si ndoto. Ameamka nusu kutoka usingizi mzito. Ndoto mbaya huja alfajiri, na mwenyewe hutaka kukumbatiwa. Huyu wa mwanzo ukimkumbatia kwa nguvu atapigana zaidi. Mzuie asianguke, usimwamshe, na ngoja. Kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache, akajilaza mwenyewe. Kesho yake mlaze nusu saa mapema, maana hali hiyo hupenda kuwajia waliochoka kupita kiasi. Asubuhi yeye hatakumbuka chochote.