"Ni ya vumbi tu hiyo": dhana potofu kuhusu barabara zinazowatia hasara wanunuzi wa viwanja Tanga

"Hiyo ni ya vumbi tu, ya kijiji." Ndivyo anavyosema karibu kila anayekuja na hati ya mauziano ya kiwanja cha kando ya barabara, iwe Tongoni, iwe Mkwaja. Msingi umeshachimbwa, tofali zimeshashushwa, na sasa ndiyo anauliza ukuta ukae wapi. Ukimwambia mita 30 kutoka katikati ya barabara anacheka, maana alivyoelezwa na dalali, mita hizo ni za barabara za lami.

Dalali kamdanganya. Hadhi ya barabara haitokani na kilichomwagwa juu yake. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 inatazama barabara inaunganisha nini na nini. Inayounganisha makao makuu ya mikoa, au inayotupeleka kwa majirani zetu, ni barabara kuu. Inayounganisha makao makuu ya mkoa na ya wilaya, au makao makuu ya wilaya na barabara kuu, ni barabara ya mkoa. Hizo mbili ni za kitaifa na zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu na za mkoa. Zinazobaki, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ni za wilaya, na tangu 2017 ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Katika vigezo hivyo lami haimo.

Mfano tunao hapa hapa. Barabara ya Tanga–Pangani imewalisha watu vumbi na tope kwa miongo, na bado ilikuwa ya TANROADS, kwa kuwa Pangani ni makao makuu ya wilaya. Sasa ingia Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Kadhaa zina lami safi, mitaro iliyojengwa na taa, lakini ni za TARURA. Lami haikuzipandisha hadhi.

Kupandisha hadhi kuna njia yake. Pendekezo linajadiliwa kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, linapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya barabara, kamati ya taifa ya kupanga barabara katika hadhi inalipima, kisha uamuzi unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo barabara ni ile ile, hata diwani akitangaza vipi kwenye mkutano wa hadhara.

Kinachomgusa mwenye kiwanja ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka mstari wa katikati, na vumbi halipunguzi hata moja. Kabla ya sheria ya 2007 hifadhi ilikuwa mita 45, yaani 22.5 kila upande. Ndiyo maana kuna X za rangi mbili zinazochorwa kwenye kuta za nyumba za kando ya barabara. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi kinyume cha sheria, naye hana fidia. Ya kijani ni ya yule aliyekuwepo kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kabla sheria mpya haijamfikia, naye analipwa eneo likihitajika. Ukinunua leo na kujenga kwenye ukanda huo, usitegemee kijani ya jirani yako.

"Mita 60 zote za nini, na gari lenyewe lina upana wa mita mbili na nusu?" Chukua barabara ya kawaida ya njia mbili: lami mita 6.5, mabega, yaani kingo za pembeni, ya mita 1.5 kila upande, jumla 9.5. Bondeni, kama pale Bagamoyo–Msata inapokatiza bonde la Ruvu, barabara lazima inyanyuliwe juu ya tuta. Tuta la mita 3 lenye mteremko wa 1 kwa 2, yaani mita 1 ya kimo kwa mita 2 za upana, linamwagika mita 6 kila upande, kwa hiyo chini upana umeshafika mita 21.5. Ongeza mitaro miwili, nafasi ya greda na katapila kugeuka, nguzo za umeme, bomba la maji, na siku moja njia za ziada. Zile 60 zinajaa bila mtu kubadhiri.

Halafu kuna suala la kupima. Mtu anashika tepu, anasimama katikati ya alama za matairi, anahesabu 30 na kupiga kigingi. Kwenye lami sawa. Kwenye vumbi ni kujipoteza, kwa sababu masika madereva hukwepa madimbwi, njia inahama kidogo kidogo, na baada ya miaka kadhaa magari yanapita mita tano au sita kando ya mstari wa awali. Mstari wa katikati unaohesabika ni wa kwenye ramani ya barabara. Tafuta vigingi vya zege vya hifadhi. Visipoonekana, nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa ukiwa na koordineti za pembe zote nne za kiwanja na uombe majibu kwa maandishi. Uliza pia kama kuna usanifu mpya, maana barabara ikinyooshwa, katikati inahama na hifadhi inahama nayo. Kwa barabara za TARURA hifadhi ni finyu zaidi na hutofautiana, na mjini mchoro wa mipango miji ndio wa kuangaliwa kwanza. Yote haya hufanywa kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba.

Mengine nayapitia haraka.

"Barabara imebomoka kwa sababu lami ni nyembamba." Lami nyingi ni nyembamba kwa makusudi. Ile ya kupuliziwa na kumwagiwa kokoto mara mbili haifiki hata sentimita tatu, na inadumu vizuri ikitunzwa. Kazi yake ni kuzuia maji na kubeba msuguano wa matairi. Mzigo unabebwa na matabaka ya chini, na ndiyo maana udongo wa asili hupimwa nguvu baada ya kulowekwa siku nne. Shimo likitokea, angalia mtaro kwanza. Ukiwa umejaa mchanga na maji yamesimama, usimtafute mchawi.

"Magari ni mengi mno." Magari madogo yaache yapite. Kinachoua barabara ni ekseli nzito, yaani mzigo unaobebwa na kila mhimili wa magurudumu. Ekseli ya kipimo, ile ambayo nyingine hulinganishwa nayo, ni tani 8.16, na uharibifu hupanda kwa kipeo cha 4.5 cha uzito katika hesabu tunazotumia. Ekseli ya tani 10, ambayo sheria inairuhusu, huharibu mara mbili na nusu ya ile ya kipimo. Ipandishe hadi tani 12, na uharibifu unakaribia mara 6. Anayekwepa mizani akibeba tani mbili za ziada kwa kila ekseli anakula umri wa barabara mara mbili ya mwenzake aliyepita halali.

"Wahandisi wameweka kona nyingi ili mkandarasi alipwe kilomita." Hili husemwa sana na wapandao Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda kama mita 1,000. Kwa mwinuko wa asilimia 7, kila mita 100 za kupanda zinataka karibu mita 1,430 za barabara, kwa hiyo unahitaji zaidi ya kilomita 14 za kupanda mfululizo. Ukiinyoosha, lori la mbao litashuka bila breki.

"Watuwekee matuta ya kupunguza mwendo." Kwenye barabara kuu lori likifunga breki mahali pale pale kila siku, lami inasukumwa na kujikunja, maji yanatuama mbele ya tuta, na shimo linazaliwa hapo. Ombeni kwanza alama, kivuko cha waenda kwa miguu na mabega mapana.

"Mtaro wa mbele ya nyumba ni wangu, naufukia nipate pa kuingilia gari." Mtaro ni sehemu ya barabara, na njia ya kuingilia inahitaji kibali cha mwenye barabara. Unaweka kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya njia, na mimi sikubali bomba chini ya milimita 600, kwa sababu dogo zaidi ya hapo haliingii koleo na vuli moja tu linaziba. Sakafu ya bomba iwe sawa na sakafu ya mtaro. Likiwekwa juu, maji yanarudi kwenye lami. Likizama, linajaa mchanga.