Bustani ya paa: maana yake, na nani anafaidika nayo Bukavu

Kiswahili kina paa zaidi ya mmoja. Yupo paa wa porini mwenye miguu myembamba, kuna kupaa kwa ndege, na lipo paa la nyumba. Bustani ya paa ni ya hilo la tatu: mimea iliyopandwa kwa makusudi juu ya nyumba, ikiwa na udongo wake, njia ya kutolea maji yaliyozidi, na kinga ya kuzuia unyevu na mizizi visiingie kwenye zege. Ndoo mbili za maua zilizosahauliwa kando ya tanki hazijafikia kuitwa bustani.

Mainjinia hugawa bustani hizi sehemu mbili. Kuna yenye udongo mwembamba, chini ya sentimita 15, inayooteshwa majani mafupi na kuachwa bila kukanyagwa. Na kuna yenye udongo mwingi, ya mboga, vichaka na hata miti midogo, ambapo mtu anapanda na jembe lake na kiti chake cha kupumzikia. Katikati yake ipo ya tatu ambayo vitabu huitaja kwa haraka: magunia, beseni zilizotobolewa na masanduku ya mbao yaliyopangwa juu ya dale, yaani paa bapa la zege. Mimi naihesabu, kwa sababu ndiyo ambayo mtu wa kawaida wa Ibanda au Kadutu, komuni za jiji letu la Bukavu mashariki mwa Kongo, anaweza kuianza mwezi huu bila kuomba mkopo.

Ukisoma habari za bustani hizi kutoka nje, faida ya kwanza utakayokutana nayo ni ubaridi. Jengo la serikali ya jiji la Chicago, Marekani, lilipandwa mimea juu yake na kukamilika mwaka 2001 kwa sababu hiyo hasa: majani yanatia kivuli, udongo unatoa mvuke, na paa haliwaki jua likipiga. Ni kweli, na mtu wa Lubumbashi mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, ataelewa bila kufafanuliwa. Lakini sisi wa Bukavu tunaishi kwenye mita 1,460 na kupanda, ziwa Kivu likiwa chini yetu, na usiku tunatafuta sweta. Kutuuzia bustani ya paa kwa hoja ya joto ni kutuuzia mwavuli ndani ya nyumba.

Shida yetu ni maji. Mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na jiji limejengwa kwenye miteremko. Sasa piga hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja kamili. Chukua nyumba yenye paa la mita mraba 80, na mvua nzito ya mchana mmoja, tuseme milimita 40. Hizo ni lita 3,200, yaani bidoni 160 za lita 20. Mwenye nyumba hazioni, kwa sababu zinashuka kwenye bomba na kutokea nyuma ya jikoni. Anayeziona ni jirani wa chini, ambaye ukuta wake unaanzia pale ua wako unapoishia. Naye ana paa lake, na bidoni zake 160 anampelekea anayemfuata. Mpaka maji yafike mto Kawa au ziwani, yamekusanya udongo, takataka, na mara nyingine ngazi ambazo watoto walipitia asubuhi kwenda shule.

Hapo ndipo udongo wa juu ya nyumba unapofanya kazi. Tabaka la sentimita 10, likiwa limekauka, linaweza kushika takriban lita 20 hadi 30 kwa kila mita mraba kabla halijaanza kuachia. Yanayobaki yanatoka polepole, kwa saa kadhaa, badala ya kumwagika kwa dakika chache. Na yale yaliyoshikwa hayafiki chini kabisa: mimea inayanywa na jua linayavuta. Toronto, nchini Kanada, walipitisha sheria mwaka 2009 iliyodai majengo mapya makubwa yawe na mimea juu, na maji ya mvua yalikuwa sababu mojawapo.

Ila tusidanganyane. Kama jana ilinyesha na juzi ilinyesha, udongo umeshashiba, na mvua ya leo itapita karibu yote. Hata hivyo bado itachelewa, na kwenye mteremko kuchelewa si kitu kidogo: mfereji unaobeba maji yale yale kwa saa tatu haufuriki kama ule unaoyapokea yote ndani ya nusu saa.

Pia bustani ya paa haizuii ardhi iliyokwisha kuanza kutembea. Watu wa Funu, mtaa wa Bukavu uliojengwa juu ya mteremko unaosogea, wanajua ninachosema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulifuatilia mteremko huo kwa kutumia kumbukumbu za miaka 70 na kuonyesha kwamba mwendo wake uliongezeka kadiri jiji lilivyoufunika kwa nyumba. Ule ni mwendo wa chini sana, mita nyingi chini ya msingi wa nyumba. Lengalenga (mchicha) la juu ya dale halitausimamisha, na mtu akikuambia vinginevyo, muulize anauza nini. Bustani inasaidia kwenye madhara ya juu juu: makorongo yanayochimbwa na maji ya mabomba, kuta za mawe zinazosukumwa, njia zinazoliwa kidogo kidogo.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, na linavumilia udongo mfupi. Vitunguu vya majani, seleri na pilipili navyo vinakubali. Sombe haifai, kwa kuwa muhogo unataka kina, na mparachichi usiujaribu hata kwa bahati mbaya. Hutalisha familia ya watu wanane kwa dale moja, lakini utapunguza safari za soko la Kadutu kwa ajili ya kiungo cha mchuzi. Mbuzi hafiki huko juu, wala kuku wa jirani. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kitakachokupima, kwa sababu hapo unapandisha maji kwa mkono, ngazi kwa ngazi.

Kinachovunja nyumba ni uzito, na hapa ndipo ninapoona watu wanajiamini kupita kiasi. Udongo wa shambani ukilowa unafika takriban kilo 180 kwa mita mraba ukiwa na kina cha sentimita 10 tu. Fikiria watu wazima wawili na nusu wamesimama kwenye kila mita mraba ya dale yako, usiku na mchana, hawashuki. Dale ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 za nyongeza kwa mita mraba, na hiyo ni kama fundi masoni hakupunguza vyuma na saruji. Umemaliza akiba yote kabla hujapanda mwenyewe kumwagilia.

Njia ya kutokea ipo. Changanya udongo na mboji na mawe mepesi ya volkano, yale yenye matundu, ambayo Goma wanayakanyaga kila siku bila kuyashukuru: yanashika maji na hayana uzito wa mchanga. Weka vyombo pembeni, juu ya kuta zinazobeba, usivirundike katikati ya chumba. Kabla ya yote, paka kinga ya lami au tandika utando usiopitisha maji, kisha mwaga maji na usubiri siku mbili uone kama dari ya chini inatoa doa. Ukishaweka udongo, kutafuta ufa ni kuhamisha shamba.

Nyumba nyingi za Bukavu zina mabati, na bati halibebi udongo. Kwa hizo, tanki chini ya mfereji wa paa linafanya sehemu kubwa ya kazi ile ile, na kwa bei ndogo. Ili usilikute limejaa saa mvua inapokuja, fungulia siku moja kabla, mwagilia magunia ya uani.

Ama mwenye dale, atoboe tundu la maji ya ziada kabla ya kupanda, na ashuke kwanza kwa jirani wa chini wakubaliane bomba litaelekea wapi. Mama yule atauliza, "Sasa haya yatapita kwangu tena?" Fundi awe tayari na jibu, na awe na bomba refu la kutosha kufika kwenye mfereji.