Je, wajua kwamba mgonjwa wa Parkinson hana mate mengi kuliko wewe?

Kwa nini mtu mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaopunguza miendo ya mwili, hutokwa na mate mdomoni? Kwa miaka kadhaa nililijibu swali hilo bila kusita, na nilikosea. Baba mkubwa wangu hapa Bukavu hukaa mezani na leso iliyokunjwa mara nne juu ya goti, nami niliamini kwamba mwili wake unatengeneza mate kupita kiasi, hata nikamshauri apunguze maji ya kunywa. Ushauri huo haukukausha leso. Ulimzidishia tu ugumu wa choo, ambao ugonjwa huo huuleta wenyewe bila kusaidiwa na mtoto wa ndugu.

Mate ya wagonjwa hao yanapopimwa, hupatikana ya kiasi cha kawaida, na mara nyingi pungufu. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, lakini hayaoni kwa sababu huyameza mamia ya mara bila kujijua. Kinachopungua kwa mgonjwa ni huko kumeza.

Chukua mfano wa mtumbwi wa Ziwa Kivu unaovuja kidogo. Maji huingia kwa kiasi kilekile kila saa, na kijana aliyeketi nyuma huyachota kwa kopo na kuyamwaga, akifanya hivyo huku akipiga soga. Kijana akianza kusinzia, maji yatafika miguuni mwa abiria, na atakayelaumu tundu kwamba limepanuka atakuwa ameshika kosa langu. Katika Parkinson, chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza miendo, hufa polepole, na miendo tunayoifanya bila kuiwaza, kama kupepesa macho, kurusha mikono tunapotembea na kumeza, huwa michache na midogo. Shingo ikiinama na mdomo ukabaki wazi, mate hufuata mteremko. Daktari Mwingereza James Parkinson aliandika mwaka 1817 kwamba mate hayasukumwi kuelekea kooni. Jibu, basi, lilikuwapo muda mrefu kabla sijakosea.

Jambo zito zaidi liko kwenye pumzi. Tunapomeza, pumzi husimama kwa muda mfupi, kisha kwa kawaida hurudi kwa kutoa hewa, na hewa hiyo hufagia mabaki yaliyokaribia njia ya mapafu. Kwa wagonjwa wengi utaratibu huo huvurugika, wakavuta hewa wakati mabaki bado yapo. Kikohozi nacho hudhoofika, hivyo chakula au mate yanaweza kuingia mapafuni kimyakimya na kuleta nimonia. Sauti yenye majimaji baada ya kula ni dalili ya kumpelekea daktari, hata kama hakuna aliyepaliwa.

Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, huweza kulegeza mikono iliyokakamaa, lakini kuhusu kumeza matokeo ya utafiti hayalingani. Dawa za kukausha mate zipo, ila huyafanya mazito na zinaweza kuwachanganya wazee akili. Kinachostaajabisha ni kwamba kumeza kwa makusudi mara nyingi hubaki kuwezekana hata pale kule kwa kujiendea kunapozorota. Siku hizi, kabla ya tonge la bugali, husema, "Baba mkubwa, umeze kwanza," naye huliweka tonge chini, hufunga mdomo na kumeza. Leso hubaki kavu mpaka taarifa ya habari ianze redioni. Akishategesha sikio, kumeza husahaulika tena.